Namba Haina Majirani: Namna Hesabu Inavyosikiwa Vibaya kwa Radio ya Ndege



Mtu akikosa kusikia neno moja, mara nyingi maneno mengine yanamsaidia. Mwalimu akisema "mvua imenyesha sana, mto umejaa", na mabati yakapiga kelele wakati uleule, hakuna kati yetu atakayeandika "moto umejaa". Mvua inamwambia kwamba ni mto. Neno lina majirani, na majirani wanashuhudia.

Namba haina majirani. Mwalimu wa matematike akisema "zidisha kwa seize", na wewe ukasikia "treize", daftari lako halitakukataza. Treize ni namba kamili kama seize. Utazidisha vizuri, utatoa vizuri, utapiga mstari chini ya jibu kwa rula, na jibu litakuwa baya. Namba mbovu inavaa nguo ileile ya namba nzuri, ndiyo maana haionekani.

Wanaotangaza nyimbo kanisani wanajua jambo hili tangu zamani. Anataja namba, anairudia, kisha anasoma maneno ya kwanza ya wimbo. Anaipa namba majirani. Akitaja namba tu wakati wa mvua, nusu ya watu wanafungua mia moja sitini na nusu wanafungua mia moja tisini. Hapo hakuna hasara, tunacheka kidogo, tunafungua tena. Lakini iko fasi moja ambapo namba zinasemwa mchana na usiku, haraka haraka, katikati ya kelele, na hakuna wakati wa kufungua tena. Ni radio ya ndege.

Wadogo wetu wa kalasi za chini wametuuliza mara nyingi, ndege inapopita usiku juu ya vyumba vya kulala: nani anamwonyesha piloti njia? Ndani ya mawingu ao gizani piloti haoni kitu ila vipimo vilivyo mbele yake. Chini, kwa kiwanja, yuko mtu wa mnara anayeongoza ndege zote za fasi ile ili zisigongane wala zisiguse milima. Kati ya hawa wawili hakuna kamba, kuna sauti tu. Na sauti ile, ukiisikiliza, karibu yote ni namba: kimo ambacho ndege inapashwa kushika, upande wa kwenda kwa digrii, mwendo, upepo, njia ya kutua, na hata jina la ndege yenyewe. Kwa miaka mingi ndege za inchi yetu ziliandikwa 9Q kwa ubavu, na mbele ya kusema lolote piloti wetu alianza na namba, ile kenda.

Sasa tueleze ajali moja kwa urefu, sababu inafundisha kuliko nyingine zote.

Tarehe 19 Februari 1989, ndege kubwa ya mizigo, Boeing 747 ya kampuni ya Marekani iliyoitwa Flying Tiger, ilitoka Singapore kwenda Kuala Lumpur katika inchi ya Malesia. Ni safari fupi. Ndani walikuwamo watu wanne. Ilipokaribia kiwanja, mtu wa mnara alitaka ishuke mpaka futi 2,400. (Katika ndege kimo kinapimwa kwa futi karibu dunia nzima. Futi moja ni sentimetre 30 na kidogo, basi futi 2,400 ni kama metre 730 juu ya bahari.) Akasema kwa Kiingereza, tarakimu moja moja: "descend two four zero zero". Maana yake: shuka, mbili, nne, sifuri, sifuri.

Wale tunaojifunza Kiingereza tunajua taabu ya lugha hiyo. "Two" ni mbili. "To" ni mpaka. Kwa karatasi ni maneno mawili, kwa sikio ni neno moja: "tu". Mtu wa mnara alisema mbili nne sifuri sifuri. Ndani ya ndege walisikia: shuka mpaka nne sifuri sifuri. Futi 400! Yaani metre 120 tu juu ya bahari, katika inchi yenye vilima.

Piloti akajibu: "Okay, four zero zero."

Tusimame hapa kidogo. Kosa halikufichwa. Piloti alilitangaza mwenyewe kwa radio, kwa sauti, mbele ya mtu yule yule aliyeweza kulitengeneza. Alipewa tarakimu nne, akarudisha tatu. Kama mtu wa mnara angesikiliza jibu kama alivyosikiliza maneno yake mwenyewe, angesema: hapana, ni elfu mbili mia nne. Hakusema. Ndege ikaendelea kushuka, ikagonga kilima kwa futi 437 juu ya bahari. Wote wanne wakafa.

Haki inatulazimisha kuongeza mambo mawili. Marubani hawa hawakuwa wamepanga vizuri kati yao namna ya kukaribia kiwanja. Tena ndani ya ndege kulikuwa mashini inayopiga kelele ardhi inapokaribia, nayo ilipiga, lakini hawakuipandisha ndege. Kwa hiyo hatutaki mtu aseme kwamba neno moja dogo liliua watu wanne peke yake. Lile neno lilifungua mlango, na wengine waliopashwa kuufunga hawakuufunga. Ajali nyingi za ndege ziko hivyo.

Wengine wakisikia habari hii wanasema: marubani wale walikuwa viziwi. Sisi tunakataa. Sikio lao lilifanya kazi yake vizuri, lilisikia "tu" na ni "tu" iliyosemwa. Aliyekosea ni yule anayekaa nyuma ya sikio, yaani akili, ambayo ilipashwa kuchagua kati ya maana mbili na haikujua kwamba inachagua. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu ambaye hakusikia atauliza. Mtu aliyesikia vibaya hatauliza, sababu kwake yeye mambo yako wazi.

Radio nayo inaongeza taabu. Wale wa matematike na fizike watafahamu upesi: sauti ya mtu ni mchanganyiko wa mitetemo, mingine ya chini, mingine ya juu sana. Simu za zamani zilipitisha takriban hertzi 300 mpaka 3,400 tu, na radio ya ndege inabana sauti namna ileile. Vokali, yaani a, e, i, o, u, zinapita vizuri sababu nguvu yao iko chini. Lakini s, f, na ndugu zao zina nguvu yao juu, karibu na ukingo ao nje yake, basi zinakatwa. Inayobaki ni vokali zikielea ndani ya kelele za mashini. Kwa hiyo namba mbili zenye vokali sawa zinakuwa kama mapacha waliovaa kofia moja.

Kwa Kiingereza mapacha wa kwanza ni "five", tano, na "nine", kenda. Zote mbili zina "ai" katikati. Kwa sababu hiyo shirika la mataifa yote la usafiri wa ndege, ambalo asili yake ni mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, liliweka namna moja ya kutamka namba kwa radio, na marubani wa dunia nzima wanafundishwa hiyo. Tano inatamkwa "faif", na f ngumu mwishoni. Kenda inaongezwa mkia: "naina". Nne inavutwa iwe silabi mbili, "fo-wa", ili isifanane na "for". Na tatu inatamkwa "tri", elfu inatamkwa "tauzend", sababu ile "th" ya Waingereza inawashinda watu wa mataifa mengi.

Tunaomba walimu wetu wa Kiingereza watusamehe, lakini habari hii ya "tri" imetufurahisha sana. Ni miaka mingapi tumesahihishwa tukisema "tri", tukaambiwa kuweka ulimi kati ya meno! Kumbe juu angani Mwingereza mwenyewe anaamriwa kusema kama sisi.

Sasa turudi nyumbani, maana lugha zetu pia zina mapacha. Kwa viwanja vyetu vikubwa Kifaransa kinasemwa pamoja na Kiingereza, na Kifaransa kina "six" na "dix", "treize" na "seize". Lakini kwa jambo moja sisi tuna bahati. Mfaransa wa Ufaransa akitaka kusema 70 anasema "soixante-dix", sitini na kumi. Fikiri mtu anayeandika upesi: anasikia "soixante", mkono unaandika 6, kisha inakuja "dix" na mkono unapashwa kurudi kufuta. Na 90 kwake ni "quatre-vingt-dix", nne-ishirini-kumi, tarakimu mbili tu kwa karatasi lakini namba tatu mdomoni. Sisi tulipokea kutoka kwa Wabelgiji "septante" na "nonante". Watu wengine wanacheka Kifaransa chetu kwa ajili ya maneno hayo. Wacheke. "Septante" inatangaza saba tangu silabi ya kwanza, na mkono unaandika bila kurudi nyuma.

Katika Kiswahili jambo ni la ajabu zaidi. Tulifanya jaribio, sisi wa kalasi ya mwisho, siku moja ya mvua kubwa. Mmoja alisimama nje ya mlango uliofungwa, akasoma namba kutoka karatasi, wengine ndani wakaandika. Namba zilizotuchanganya kuliko zote zilikuwa sita na tisa. Tazameni maneno hayo: si-ta, ti-sa. Vokali ni zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Hata konsonanti ni zilezile, s na t, ila zimebadilishana viti! Mvua ikiisha kula s na t, kinachobaki ni "i-a", na kila mtu anaandika anachopenda. Sitini na tisini ni vilevile, "i-i-i". Tatu na tano pia zilisumbua, lakini si sana.

Kisha yule msomaji, ambaye ni mtoto wa kijijini kabisa, akaacha kusema tisa, akasema kenda, kama wanavyosema wazee wetu. Palepale matata yakaisha. Kenda haifanani na namba nyingine yoyote. Munane nayo haikumdanganya mtu. Sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili kwa pwani ya mashariki. Kenda na munane ni za lugha zetu za kibantu. Katika vitabu tunasoma tisa, na walimu wanapendelea tisa, na wengine kati yetu wanaona haya kusema kenda, eti ni Kiswahili cha mashambani. Lakini tazama: wakubwa wa ndege walipoona "nine" inafanana na "five", waliishonea mkia mpya. Sisi dawa hiyo tunayo tayari kinywani mwa babu zetu.

Tuendelee na namna watu wa ndege wanavyojilinda. Matamshi ni msaada, lakini ulinzi mkubwa ni kurudia. Piloti akipewa kimo, upande, mwendo, njia ya kutua ao kipimo cha hewa, ni sheria kuirudia namba yote yenyewe, pamoja na jina la ndege yake. Na mtu wa mnara ni sheria kusikiliza lile jibu mpaka mwisho, na kama lina kosa kulitengeneza palepale. Ni kazi mbili, na ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mtu akiisha kusema amri yake, moyo wake unaona kazi imekwisha. Masikio yanakwenda kwa ndege inayofuata. Jibu linafika, lina mlio unaofanana na ule aliotazamia, naye analipokea kama mtu anayepokea salamu njiani bila kumtazama anayesalimu.

Kurudia si kusema "okay". "Okay" inasema tu: kuna kitu nimesikia. Haisemi ni kitu gani. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana chini, ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Ni ajali iliyoua watu wengi kuliko zote ambapo ndege zimegongana. Sababu zake ni nyingi na hazikuwa za namba, lakini kitu kimoja kinahusu habari yetu. Piloti wa KLM alikuwa ameanza kukimbiza ndege yake ili kuruka. Mtu wa mnara alimwambia kwanza "OK", kisha akaongeza kwamba angoje mpaka aitwe. Wakati uleule piloti wa ndege nyingine alisema kwamba yeye yuko bado kwa njia ya kuruka. Radio ya ndege haiwezi kupokea wasemaji wawili pamoja, sauti zao zinagongana na kutoa mlio kama wa filimbi mbovu. Ndani ya KLM walisikia vizuri neno moja la mnara, ile "OK". Yaliyobaki yalimezwa na filimbi.

Marekani iko na ofisi ya NASA ambayo tangu 1976 inapokea barua za marubani na watu wa minara wanaoeleza wenyewe makosa yao, bila kuogopa malipizi. Kutoka barua hizo ilionekana kwamba vimo viwili vinavyochanganywa kuliko vyote ni futi 10,000 na futi 11,000. Kwa Kiingereza cha radio ni "one zero thousand" na "one one thousand". Zinaanza sawa, zinaisha sawa, na katikati kuna tarakimu moja tu ya kuzitenga. Ndege mbili zinazopishana angani zinawekewa mara nyingi futi 1,000 kati ya moja na nyingine. Kwa hiyo ukikosea hapa umeingia kabisa ndani ya nyumba ya mwingine.

Msifikiri basi kwamba kurudia kunaponya kila kitu. Tarehe 23 Mei 2022, ndege ya Airbus A320 kutoka Stockholm ilikuwa ikishuka katika mawingu na mvua kwenda kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris. Kipimo cha kimo katika ndege kinafanya kazi kwa kupima uzito wa hewa, na uzito huo unabadilika kila siku, basi mnara unapashwa kumpa piloti namba ya siku. Siku ile namba ya kweli ilikuwa hektopaskali 1001. Mtu wa mnara akasema 1011. Piloti akarudia 1011, kama sheria inavyotaka, na mtu wa mnara akasikia namba aliyoisema mwenyewe.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Karibu na ardhi, hektopaskali moja ni kama futi 28. Makosa ni hektopaskali 10. Basi ndege ilikuwa chini ya kimo chake kwa futi 280 hivi, karibu metre 85, na kipimo cha kimo kinachotumia hewa kilisema mambo ni mazuri. Marubani walipoona hawaioni njia ya kutua waliacha, wakapandisha. Ilijulikana baadaye kwamba ndege ilifika futi 6 kutoka ardhini, ikiwa bado karibu kilometre moja na nusu mbele ya njia ya kutua. Futi 6 ni urefu wa mtu! Walizunguka, kisha wakatua salama, wasijue walikuwa wamepita wapi.

Katika ajali ya Kuala Lumpur msikilizaji alikosea na msemaji hakusikiliza jibu. Hapa msikilizaji hakukosea hata kidogo. Alisikia vizuri namba mbaya. Kurudia kunalinda njia kati ya mdomo na sikio. Hakulindi mdomo wenyewe. Ili kukamata kosa la namna hii inahitajiwa chanzo cha pili: namba ileile isomwe pia kutoka tangazo lingine la kiwanja, ao wasafiri wengine wa radio ileile washangae kwamba wao wamepewa 1001.

Iko tena namna ya tatu, ambapo namba inasemwa sawa, inasikiwa sawa, lakini inafahamiwa vingine. Tarehe 2 Januari 2024, kwa kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani ya Japani iliyokuwa ipeleke misaada kwa watu wa tetemeko la inchi iliambiwa kwamba ni "number one", ya kwanza, yaani ya kwanza kwa mstari wa kungojea. Ikaingia katikati ya njia yenyewe, na ndege kubwa ya abiria iliyokuwa ikitua ikaigonga. Watu watano kati ya sita wa ndege ndogo wakafa; wale 379 wa ndege kubwa wakatoka wote hai mbele ya moto kuimaliza. Kisha ajali wakuu wa Japani walisimamisha kwa muda ile desturi ya kutaja "ya kwanza, ya pili". Namba ile ilikuwa kweli, ila iliacha nafasi ya matumaini, na mtu mwenye haraka ya kwenda kusaidia anasikia matumaini upesi.

Sasa iko mashini inayoandika amri kwa kioo mbele ya piloti, bila sauti, hasa kwa safari ndefu juu ya bahari. Ni jambo jema. Lakini karibu na kiwanja, ambapo mambo yanakwenda kwa sekunde, sauti ndiyo inayotumiwa hata leo.

Wazee wetu waliofanya kazi katika misheni za mbali wanajua haya yote bila kusoma sheria ya Chicago. Kwa miaka mingi hospitali na misheni zisizo na barabara zilisemezana kwa foni, asubuhi, kwa saa iliyopangwa: hali ya mawingu, wagonjwa, dawa, ndege ndogo itakuja ao haitakuja. Mzee mmoja alitueleza kwamba fasi moja waliomba chupa "dix" za serumu, na upande mwingine wakasikia "six". Ndege ikaleta sita, na safari iliyofuata ilikuwa kisha juma moja. Tangu siku ile, alisema, msimamizi wa foni alikataza watu wake kutaja namba kwa Kifaransa peke yake. Ilipashwa kusemwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na upande wa pili kuirudia kwa lugha zote mbili. "Dix, kumi." "Dix, kumi." Lugha ya pili ikawa jirani wa namba. Aliongeza kwamba vijana waliona ni kupoteza wakati.

Kwa kumaliza, tangazo la wasimamizi wa wanafunzi, ambalo Bwana Prefe amelikubali. Mnajua kwamba kila jioni kapita wa kila chumba cha kulala anapeleka jikoni hesabu ya wanafunzi waliopo, na mnajua kelele za jikoni saa ile. Mnajua pia ni chumba gani kilichokosa ugali wa watatu juma lililopita, hatutakitaja. Kuanzia Jumatatu hesabu itasemwa tarakimu moja moja, jina la chumba mbele. Kapita atasema: "Chumba cha pili, wanafunzi tatu sita." Mpishi atajibu: "Chumba cha pili, tatu sita." Jibu la "ndiyo" ao "nimesikia" halitapokelewa, na kapita hataondoka mlangoni mbele ya kusikia namba yake ikirudi. Na chumba chenye wanafunzi 39, tunaomba kapita wake aseme tatu kenda.